Msimwite Mara

Somo: Ruthu 1:19-22 na 4:13-17

Ninyi mliofika juzi na bado mnangoja kuonyeshwa kiwanja, karibuni sana Nakivale. Gazeti hili ni lenu pia, na kanisa ni lenu.

Mwezi huu nimeombwa kujibu swali moja, nami nimeona nilijibu kwa maandishi ili kila mtu alisome kwa utulivu nyumbani kwake. Baadhi ya viongozi wa idara ya akina mama wameleta pendekezo kwenye baraza la wazee. Wanataka kanisa liweke utaratibu kwamba kila mama mjane, na kila mama aliyepita miaka 45, aje ibadani na nguo ya rangi moja iliyotulia na kitambaa cheupe kichwani, bila hereni na bila nywele za kuongeza. Sababu waliyotoa ni heshima: mama mzima aonekane mama mzima, asishindane na binti zake.

Nyuma ya pendekezo hilo, tusifichane, kuna mtu. Kuna mama wa kwaya aliyefiwa na mumewe miaka mingi iliyopita. Sikukuu ya Pasaka alikuja na kikwembe cha njano chenye maua makubwa, kilemba kimesimama juu, hereni masikioni. Kwaya haijamaliza wimbo wa kwanza, watu wameanza kunong'ona. Anatafuta mume huyo. Amemsahau marehemu. Na umri wake ule! Tangu siku ile hajarudi kwenye kwaya. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika hivi bila kumtaja jina.

Mimi ni mchungaji wa waliopendekeza, na ni mchungaji wa mama huyo. Baraza litakaa na kuamua. Kabla halijakaa, tufungue Biblia.

Kwanza tuhesabu miaka. Vita ya kwetu Kivu ilianza mwaka 1996, ya pili ikaanza 1998, na tangu hapo hatujapata muda mrefu wa kupumua. Binti aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1996 leo yuko karibu na hamsini au amegonga hamsini. Umri ambao binti wa mahali penye amani anasuka nywele, anashonesha nguo za harusi, anapiga picha na rafiki zake, yeye alikuwa anavuka mpaka usiku na mtoto mgongoni. Miaka thelathini aliitumia kufua nguo za wengine, kupanga foleni ya mgao, kulima kiwanja, kuuguza na kuzika. Sasa watoto wamekua. Kwa mara ya kwanza anapata asubuhi moja ya kujitazama kwenye kioo, na kioo kinamwonyesha mvi. Halafu sisi kanisa tumwambie kwamba muda wake wa kupendeza umekwisha? Ulianza lini huo muda?

Sasa tumwangalie Naomi. Huyu mama ni mwenzetu kabisa. Njaa iliingia Bethlehemu, akaondoka na mume na watoto wawili wakaenda kuishi ugenini katika nchi ya Moabu. Huko mume akafa. Wale vijana wakaoa, wakakaa kama miaka kumi, nao wakafa. Naomi akarudi kwao na mkwe mmoja tu. Biblia haitaji umri wake, lakini mama mwenye watoto wawili waliokwisha kuoa na kuzikwa tunaweza kumkadiria. Huenda alikuwa kwenye hamsini hivi. Mwenyewe alisema amezeeka mno kuwa na mume (Ruthu 1:12).

Angalieni mstari wa 19. Alipoingia mjini, mji wote ulishtuka, na wanawake wakaulizana kama kweli huyu ndiye Naomi. Mnasikia swali hilo? Ni swali la macho. Walimtazama uso, wakatazama nguo, wakatazama jinsi anavyotembea, wakashindwa kumtambua yule waliyemjua. Ukimbizi ulikuwa umemla. Kila mmoja wetu aliyewahi kukutana na ndugu baada ya miaka kumi anajua macho yale. Naye Naomi akajibu kwa uchungu: asiitwe tena Naomi, jina lenye maana ya kupendeza, aitwe Mara, maana yake uchungu, kwa sababu Mwenyezi amemtenda mambo machungu.

Wakati nikiwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alitupa kazi: tusome kitabu kizima cha Ruthu na kuhesabu ni mara ngapi mwandishi anamwita Mara. Tulirudi darasani na jibu moja. Hakuna hata mara moja. Yeye mwenyewe alijipa jina hilo siku ya uchungu, na Mungu hakulipokea. Katika sura ya pili ni Naomi. Katika ya tatu ni Naomi. Katika ya nne, akiwa na shamba la kuuza na mjukuu wa kupakata, ni Naomi.

Ndugu zangu, hapa ndipo mzigo wangu ulipo. Mama akijiita Mara kwa sababu ya machungu yake, tulie naye. Lakini kanisa halina ruhusa ya kumvika jina hilo na kuliandika katika utaratibu wa ibada, kwamba ukifika miaka fulani, au ukifiwa, rangi yako ni ya msiba mpaka kufa.

Wapo watakaosema, Mchungaji, hiyo ni hadithi, sisi tunataka amri. Basi twende kwenye amri.

Paulo katika 1 Timotheo 5:9 anaweka umri wa mjane kuandikwa katika orodha ya wajane wa kanisa: asiwe chini ya miaka 60. Walio chini ya hapo, mstari wa 11 unawaita wajane vijana. Vijana! Pendekezo letu limeweka 45. Paulo angemtazama mama wa miaka 45 angemwita kijana, na katika mstari wa 14 angemshauri aolewe. Katika 1 Wakorintho 7:39 anasema mjane yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Kwa hiyo hata kama huyo mama wa kikwembe cha njano angekuwa anatafuta mume (na hakuniambia hivyo, wala si kazi yangu kumuuliza), dhambi iko wapi?

Tito 2:3 ndio mstari unaosemwa sana juu ya wanawake wazee. Usomeni polepole. Unagusa mwenendo, unagusa kusingizia watu, unagusa mvinyo, unagusa kufundisha mema. Kwa mzee wa kike Paulo ameona hatari ya ulimi kabla ya kuona hatari ya hereni. Mimi naachia hapo.

Tena kuna Kumbukumbu la Torati 24:17. Katika Sheria ya Musa ninayoisoma, nguo ya mjane inapotajwa, amri si kwamba mjane avae nini. Amri ni kwa watu wengine: wasimchukulie mjane vazi lake kuwa rehani. Mungu aliyeitazama nguo ya mjane aliitazama ili kuilinda. Mnakumbuka kwetu mambo yanayotokea mume akifa? Kabla kilio hakijaisha, ndugu wa marehemu wanafungua sanduku na kugawana vikwembe. Hiyo ndiyo dhambi iliyoandikwa.

Najua mtanikumbusha 1 Petro 3:3 na 1 Timotheo 2:9, habari za kusuka nywele na dhahabu na mavazi. Ni Neno la Mungu, silikwepi. Lakini tuulize lilisemwa kwa nani. Katika miji ile ya Kirumi mama tajiri alikuwa na watumwa wa kumtengeneza nywele, akaingia na dhahabu na lulu ndani ya nyumba ambamo kanisa limekaa, na mtumwa ameketi pale pale. Timotheo anataja wazi nguo za thamani kubwa. Ni onyo la kutopimana kwa mali. Petro naye, pamoja na nywele na dhahabu, anataja kuvaa mavazi. Kama angekuwa anapiga marufuku, basi angekuwa amepiga marufuku nguo zenyewe! Anachosema ni kwamba uzuri wako usiishie huko nje. Sasa nionyesheni hapa Nakivale mama anayewatisha maskini kwa hereni za plastiki.

Na mfano ambao Petro anautoa mara moja baada ya hapo ni nani? Ni Sara (mstari wa 6). Mkimfuata Sara mtashangaa. Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75 (Mwanzo 12:4), na Sara alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi (17:17). Kwa hiyo wakati njaa ilipowasukuma Misri, Sara alikuwa na miaka kama 65, mama mkimbizi, mama wa hemani na mavumbi ya safari. Biblia inasema Wamisri walimwona kuwa mzuri sana, mpaka habari ikafika kwa Farao. Yaliyofuata si mazuri, na lawama ni ya wanaume waliokuwa wanapanga mambo. Lakini Roho Mtakatifu hakuona aibu kuandika kwamba mama wa miaka 65 alikuwa mzuri.

Tukiwa bado kwa Sara, niseme jambo ambalo wachungaji wengi tunalipita haraka. Mwanzo 18:11 inasema wazi kwamba Sara alikuwa ameacha kupata siku zake. Kitabu kitakatifu kinasema, sisi tunanyamaza, na kwa kunyamaza kwetu akina mama wanateseka. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Kabla na baada ya hapo mwili unaweza kupandisha joto ghafla, jasho likamtoka usiku mpaka shuka likalowa, usingizi ukakimbia, moyo ukaenda mbio, hasira na huzuni zikaja bila kubisha hodi. Hapa makazini jasho la usiku tunaliita malaria, na mama anameza dawa za malaria mara tatu kwa mwezi bila kupimwa. Au tunaita pepo. Mama ameletwa mbele tumwombee atoke pepo wa joto! Kuomba tuombe, lakini mama huyo apelekwe pia kituo cha afya apimwe malaria na presha, na aelezwe kwamba mwili wake unavuka mto ambao kila mwanamke anayejaliwa umri anauvuka. Mambo mawili ya kushika: kama miezi 12 haijapita bila hedhi, mimba bado inaweza kuingia, na kama damu inatoka tena baada ya miezi hiyo 12, asingoje, aende kupimwa mapema. Waume, someni sehemu hii mara mbili. Mke wako akitupa blanketi usiku, hajakuchukia.

Kuna wanaume ambao mke akifika hapo wanaona ni wakati wa kufungua ofisi ya pili, kama tunavyoiita kwetu Kongo. Malaki 2:14 inawahusu, nendeni mkaisome wenyewe. Nimeona pia kwamba mwanamume wa miaka 55 akivaa suti ya buluu na kupaka ndevu rangi nyeusi, tunamwambia amependeza, mzee bado yumo. Hakuna aliyeleta pendekezo juu yake.

Na kwa sababu ya hofu hiyo ya ofisi ya pili, akina mama wengine wamekwenda upande ambao ninauogopa kuliko hereni zote. Wananunua mafuta ya kujichubua. Mama amekaa na ngozi yake nzuri miaka 45, sasa anataka ngozi ya binti wa miaka 20, anapewa kopo lisilo na maandishi, au mkorogo uliochanganywa nyuma ya duka. Mengi ya mafuta hayo yana zebaki au haidrokwinoni. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuacha madoa meusi ya bluu-bluu ambayo ni vigumu kuondoka, yaani unapata kinyume cha ulichonunua. Rwanda, jirani yetu, ilianza kupita madukani na kuyakamata mafuta hayo tangu mwaka 2018. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya kiwango kidogo sana, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata kiwango hicho kiondolewe. Lakini makopo bado yanafika sokoni.

Ninayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Mama anayeambiwa na kanisa ajifunike kwa sababu amezeeka, na mama anayeambiwa na muuza mafuta ajichubue kwa sababu amezeeka, wote wawili wameambiwa neno moja: kwamba umri wake ni aibu. Biblia inasema nini juu ya mvi? Mithali 16:31 inaziita taji. Taji hutaifichi, na taji hulazimishwi kuivalia nguo za kilio. Katika Isaya 46:4 Mungu anaahidi kuwabeba watu wake hata wakiwa na mvi. Yeye amekwisha kuziona.

Sasa, simaanishi kila mama aende kununua kikwembe cha njano. Yupo mama anayependa nguo nyeupe tu, au ameamua kumlilia mumewe kwa nguo nyeusi mpaka moyo umwambie basi. Mwacheni. Yupo anayeziacha mvi zake wazi na kichwa amekinyoa, na anapendeza kuliko wote. Yupo anayependa kusuka. Yupo anayevaa suruali ndani ya kikwembe akienda shambani asubuhi, maana baridi ya Isingiro mnaijua. Warumi 14 inatosha kwa mambo hayo: kila mmoja athibitike katika akili yake mwenyewe mbele za Bwana, na asimhukumu mwenzake. Kiasi na adabu ni lazima kwa wote, mama na binti, baba na kijana. Nguo ya ibada isimvunje mwingine moyo wala kumwonyesha mwili uchi. Hapo hatuna ubishi.

Lakini mambo ya kupanga kwa amri mwanamke avae nini tumekwisha kuyaona, tena si kwa watu wa Mungu. Kwetu, wakati wa siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye uhalisi miaka ya 1970, mwanamke alikatazwa suruali na wigi, na kikwembe kikawa sheria. Hapa Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Amin aliondoka 1979, Mobutu akaondoka 1997. Akina mama bado wapo, na bado wanavaa.

Na hicho kikwembe chenyewe tunachokiita cha mababu, kina safari ndefu kama yetu. Kampuni ya Vlisco ilianza katika mji wa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, na vitambaa vyake viliiga batiki za Java. Vikapata wateja Afrika ya Magharibi, vikaenea mpaka kwetu. Waliovifanya kuwa vya Kiafrika ni akina mama wa sokoni waliovipa majina. Kuna muundo ulioitwa "mume wangu anaweza." Mama akipita nao, majirani wamesoma. Kwetu Kivu sanduku la vikwembe lilikuwa ndiyo benki ya mama: kimoja alipewa kwenye mahari, kimoja alinunuliwa alipojifungua, kimoja aliuza mtoto alipougua, kimoja aliuza shule ilipofunguliwa. Kila kimoja kilikuwa na historia. Tulipokimbia, masanduku yalibaki. Kwa hiyo mama anapoweka senti zake miezi sita na kununua kikwembe kimoja kipya hapa ugenini, msifikiri ananunua maringo tu. Anaanza sanduku upya.

Hapo kuna ndugu ameshika kichwa. Mchungaji, watu wana njaa! Tangu mwaka 2023 mgao hapa Uganda uligawanywa kwa makundi, wengine wakabaki na theluthi, wengine wakaondolewa kabisa, na mwaka 2025 wakaondolewa wengi zaidi. Wewe unatuambia habari za vilemba?

Ni swali la haki, na mimi mwenyewe nina watoto wanaokula. Jibu langu liko Marko 14. Mwanamke mmoja alivunja chupa ya marhamu ya thamani, na watu waliokuwepo wakakasirika wakasema ingeuzwa wapewe maskini. Hoja yao ilikuwa nzuri kabisa kwa kuisikia. Lakini Yesu aliwaambia wamwache, wasimsumbue, na kwamba maskini wako nao siku zote, wanaweza kuwatendea mema wakati wowote wakitaka. Yaani, kama unataka kusaidia maskini, mlango uko wazi leo jioni. Usitumie maskini kuwa fimbo ya kumpigia mama huyu. Nimeona pia kwamba wanaouliza bei ya kikwembe cha mjane mara nyingi hawaulizi kama mjane amekula.

Kuna kanisa moja ambalo lilijua kuunganisha mambo haya mawili. Ni Yafa, Matendo 9. Tabitha, yaani Dorkasi, amekufa. Petro anaitwa, anapandishwa ghorofani, na anawakuta nani? Wajane. Wamesimama wanalia, na mikononi au miilini mwao wanaonyesha kanzu na mavazi ambayo Dorkasi aliwashonea alipokuwa nao. Hawakutaja mahubiri yake. Walionyesha nguo. Fikirini Dorkasi alivyowafanyia kazi: nguo ya mtu haishonwi bila kumpima. Alimshika kila mjane bega, akampima kiuno, akamuuliza anataka mikono mirefu au mifupi. Kwa mama ambaye hakuna tena mtu anayemgusa kwa upendo, kupimwa nguo ni ibada. Na Bwana akamfufua Dorkasi, akamrudisha kwa wajane wale.

Hapa kwetu tuna cherehani. Tunao mafundi, akina mama na akina baba, waliojifunzia kazi Bukavu na Uvira na Bunagana. Nimezungumza na watatu, nao wamekubali Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya maombi ya akina mama, kuleta cherehani zao uwanjani kwa kanisa. Mama yeyote wa makamo na kuendelea, mjane au mwenye mume, alete kitambaa chake, kiwe kipya au cha mitumba cha kukata upya, atashonewa kwa bei ya uzi tu. Asiyekuwa na kitambaa amwambie shemasi wa eneo lake kwa siri. Mshono atachagua mwenyewe, na rangi atachagua mwenyewe. Muuguzi wa kanisa letu atakuwepo pia siku hiyo, mwenye maswali juu ya kukoma hedhi aulize bila haya, na kutakuwa na pazia.

Nirudi mara moja Bethlehemu, kwa sababu kuna jambo nililiacha. Wanawake wale waliomshangaa Naomi siku anaingia mjini hawakupotea katika hadithi. Katika sura ya nne wako tena. Ni wao wanaomwambia Naomi maneno ya baraka mtoto anapozaliwa, ni wao wanaosema huyo mtoto atamrudishia uhai na kumtunza uzeeni, tena ni wao wanaompa mtoto jina. Watu wa kunong'ona ndio waliokuja kushangilia. Kwa hiyo viongozi wangu wa akina mama, siwaoni ninyi kuwa maadui wa dada yenu. Mmebeba kanisa hili, mmezika watu wetu, mmelisha wageni kwa unga wenu wenyewe. Wengi wenu mna umri ule ule wa pendekezo lenu, na nadhani wengine mlilipendekeza kwa sababu kuna mtu aliwahi kuwaambia ninyi neno kama hilo mkaliamini.

Baraza litakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo ninawaomba wawili kati yenu mwende kumtembelea. Anakaa upande wa Juru, mashemasi wanapajua. Msiende mikono mitupu, mchukue sukari ya chai. Msianze na habari ya kikwembe. Muulizeni kwanza watoto wanaendeleaje na kama paa limeacha kuvuja. Kwaya inafanya mazoezi Alhamisi saa kumi jioni, na sauti ya pili, mwalimu wa kwaya ananiambia, imepungukiwa.

Wenu katika kazi ya Bwana,
Mchungaji